Mfunge Kamba

Mbwa wangu anaitwa Simba. Najua, kila mtaa Nairobi una Simba wake, na mbwa wawili wa jirani wanaitwa Bosco. Ni mbwa wa kawaida tu, rangi ya udongo. Nilimwokota akiwa mdogo nyuma ya kibanda cha makaa, na kwa miaka minne sijapanda mlima bila yeye. Kwa hivyo haya siyasemi kama mtu anayechukia mbwa. Nawasema ninyi wenzangu wa wikendi, wenye viatu vya bei na chupa za maji za chuma, na najisema mimi kwanza.

Mwaka jana tulipiga kambi kwenye msitu upande wa kusini wa Aberdare. Baridi ya kule si mchezo. Asubuhi hema lilikuwa limelowa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Nikafungua zipu, nikamfungua na Simba. Ati ajinyooshe. Alinusa hewa mara moja, akaingia kwenye mianzi. Nilipiga video ya mkia wake ukipotea, nikaandika neno moja chini yake: uhuru. Alirudi baada ya dakika arobaini hivi, anahema, ulimi nje, damu mdomoni na shingoni. Nilimkagua mwili mzima nikitafuta jeraha. Hakuwa nalo.

Damu haikuwa yake, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Tuliposhuka hadi pale mtandao unaposhika, ile video ilikuwa na mioyo zaidi ya mia mbili.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mtu akiingia msituni na mbwa na mkuki tunamwita jangili. Mimi niliingia na mbwa na simu, nikaitwa mpenda mazingira. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba mimi sikula nyama.

Tena Aberdare, manze! Kule ndiko anakoishi bongo wa milimani, yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini anapatikana Kenya pekee na waliobaki hawafiki mia moja. Waliomwinda zamani walijua udhaifu wake. Bongo akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali. Hugeuka akasimama kuwakabili, pembe mbele, na mwindaji akamfikia bila haraka. Mbwa ndio waliokuwa silaha, mkuki ulikuja kumalizia tu. Halafu wewe unaniambia wako “anacheza tu”.

Najua jibu lako, maana lilikuwa langu: mbwa wangu ni mpole, amefunzwa, nikimwita anakuja. Huyo anakuja ukimwita jikoni. Na akija msituni, omba asije na nyati nyuma yake. Mbwa akishachokoza nyati hukimbilia kwa mwenyewe, na huo upole wake tutauongelea hospitalini.

Na magonjwa? Mwaka wa 1994, kule Serengeti, virusi vya distempa viliua karibu theluthi moja ya simba, simba wa kweli, si wangu. Walioshukiwa kuvileta ni mbwa wa vijiji vilivyozunguka mbuga, mbwa wa nyumbani kama wako. Siku ile Aberdare, chanjo ya Simba ilikuwa imepitwa na miezi mitano. Yako uliiangalia lini?

Kuna watakaosema basi mbwa wakae nyumbani. Hapo sikubaliani nao. Mbuga za kitaifa haziruhusu mbwa wa nyumbani, na ni sawa, lakini Karura inawaruhusu, kwa kamba. Jumamosi asubuhi utakuta watu wanakimbia, watoto kwenye baiskeli, mbega juu ya miti, mbwa wa kila aina chini, na kila mtu anapita njia yake. Shida ni wale wanaovuka lango, wanaangalia nyuma kama mtoto anayeiba sukari, kisha wanafungua. Kwa ajili ya msitu huo Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka wa 1999. Wewe kamba ya mita mbili inakushinda kushika.

Lakini kilichoniuma zaidi siku ile si hata damu. Tukitoka, tulikuta vijana wawili wa pale kijijini wamesimamishwa langoni. Walikuwa na mbwa mmoja, mbavu zinahesabika, amefungwa kamba ya katani. Askari aliwauliza mbwa wanampeleka wapi. Wakasema wanatafuta ng'ombe aliyepotea tangu jana. Hakuwaamini, aliwaambia wakae chini kando ya barabara, na wakakaa.

Sisi alitufungulia lango, akapiga na saluti. Hakuuliza chochote. Simba alikuwa kiti cha nyuma, kichwa nje ya dirisha, manyoya ya shingo bado yamelowa maji niliyomwoshea. Kijana mmoja alimwangalia, kisha akaniangalia mimi.

“Buda, na hiyo yenu haina kamba?”

Nilipandisha kioo.