Daftari la Wiki: Tani Moja Getini

Mzigo wa viazi au mahindi unapotoka vijiji vya Wanging'ombe kwenda Makambako au Njombe mjini, mazungumzo kwenye geti la ushuru huanza kwa kuhesabu magunia, na hapo ndipo haki ya mtu mwenye mzigo mdogo inapoanza kupotea. Katika bajeti ya 2017/18, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kufuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Msamaha huo umewekwa kwa uzito. Geti lisilo na mizani haliwezi kuutekeleza.

Kwa sheria ya vipimo gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, kwa hiyo magunia kumi yangekuwa tani moja na mjadala ungeishia hapo. Lakini kuna lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo hicho. Magunia manane ya viazi, kila moja likiwa na kilo 130, yameshapita tani. Mkusanya ushuru asiye na mizani akiyaachia, halmashauri imepoteza haki yake. Akiamua kwamba kila gunia ni lumbesa, anamtoza mkulima aliyefungasha sawasawa. Lumbesa iliyomnyonya mkulima shambani inamwandama tena barabarani, na safari hii inamfikia hata yule aliyeikataa.

Anayeumia zaidi ni mkazi wa mji mwenye shamba kijijini. Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, Wanging'ombe ikawa wilaya yenye makao yake Igwachanya, na leo mkoa una halmashauri sita. Familia inayoishi Makambako na kulima Wanging'ombe inavuka mpaka wa halmashauri kila inapopeleka chakula nyumbani kwake, ilhali ushuru huu umekusudiwa mnunuzi. Mwenyeji atampigia simu diwani anayemfahamu. Mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa huku juzi atalipa tu ili gari liondoke.

Wapo watakaosema halmashauri zinaishi kwa ushuru huu, na ni kweli: humo hutoka fedha za zahanati, na asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Watasema pia mfanyabiashara mwenye tani saba atazigawa kwenye magari madogo ili apite bure. Hoja hiyo ina uzito, ila gharama ya kukodi magari saba inaweza kula faida yote aliyoitafuta, na mashine za POS za kukusanyia ushuru zingeweza kuandika mizigo ya mtu yule yule kwa siku ile ile. Mizani hiyo hiyo inayomwachia mwenye kilo 900 ndiyo itakayomnasa mwenye lumbesa nane, kwa hiyo halmashauri haina sababu ya kuiogopa.

Basi kabla ya msimu ujao, kila geti liwe na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na ubao unaosomeka kutoka ndani ya gari: kiwango cha ushuru, msamaha wa tani moja, na namba ya simu ya mweka hazina wa halmashauri. Na pasipotolewa stakabadhi, pasilipwe kitu.