Oksaidi ya zinki ni ile ile, mapishi ndiyo tofauti

Haya jamani, leo naweka programu kando kidogo. Kuna jambo la maabara limeninasa na lazima niliseme.

Oksaidi ya zinki mnaijua. Ni ule unga mweupe ulio kwenye krimu ya kumpaka mtoto aliyebabuliwa na nepi. Itandaze juu ya kioo iwe utando mwembamba, chini ya maikromita moja, na mwanga utapita. Umeme nao unaweza kupita, ndiyo maana hutumiwa kama tabaka la mbele katika baadhi ya paneli za sola zisizo za silikoni.

Lakini utapita kiasi gani? Hapo yategemea mpishi.

Njia ya bei nafuu ni kuyeyusha asetati ya zinki na kuinyunyizia kwenye kioo cha moto, mara nyingi nyuzi 350 hadi 450 za Selsiasi. Kioo kikiwa baridi mno, asetati haivunjiki yote na uchafu unabaki ndani. Kikiwa moto mno, matone hukauka yangali hewani na kinachofika ni unga usioshika.

Njia ya gharama hutumia chemba iliyoondolewa hewa. Ioni za agoni hugonga bamba la zinki, atomi zinaruka, zinakutana na oksijeni na kutua kwenye kioo. Oksijeni ikizidi, utando unakaribia kukataa umeme kabisa. Ikipungua, unapitisha vizuri. Ikipungua mno, unapata zinki tupu yenye giza.

Kwa nini oksijeni kidogo husaidia? Kwa miaka mingi lawama ziliangukia mapengo yanayoachwa na atomi za oksijeni zilizokosekana. Kisha mwaka 2000 Chris Van de Walle akachapisha hesabu zilizoonyesha kwamba haidrojeni ikijipenyeza ndani ya oksaidi hii hutoa elektroni. Na haidrojeni haihitaji mwaliko: mvuke kidogo wa maji uliobaki kwenye chemba unaweza kuileta.

Hebu fikirini. Kitu ambacho hakuna aliyekipima kinaweza kuwa ndicho kilichoamua matokeo!

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa programu iliyokubali kwangu na kugoma kwa mteja. Msimbo ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni mpangilio wa saa za eneo kwenye mashine yake. Tangu siku hiyo naandika kila kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetangaza utando mzuri bila kutaja hali zote alizoutengenezea ametupa nusu ya kazi. Andika joto la kioo chenyewe, si la jiko tu. Andika shinikizo la chemba kabla ya kuanza, kiwango cha oksijeni, muda, unene, na kama uliuchoma tena baadaye. Weka na zile zilizoharibika.

Mtasema huo ni urasimu. Sawa, lakini mfikirieni mwanafunzi mwenye chupa moja ya kemikali na mwaka mmoja wa kumaliza tasnifu. Akifuata maelezo nusu, utando ukagoma, atajilaumu yeye, kumbe kosa ni la aliyeficha mapishi.

Ama nyinyi mwaonaje?