Shujaa Mwenye Shida Kama Zetu

Vijana wetu hapa Sakina, Arusha, wameelemewa. Yupo dereva wa bodaboda ambaye jua limezama na hesabu ya tajiri haijatimia. Yupo binti aliyemaliza kidato cha nne, akangoja ajira mpaka akachoka kuulizwa. Ukiwajulia hali hujibu "poa", lakini usiku usingizi hawaupati.

Kwa vijana hawa, hadithi za mashujaa si upuuzi. Ila shujaa yupi? Asiyeumwa, asiyedaiwa wala kuogopa hupendeza kumtazama, lakini hana la kumwambia mwenye kudaiwa kodi ya chumba. Spider-Man, aliyetokea Marekani mwaka 1962, alipendwa kwa sababu nyuma ya kinyago yumo Peter Parker, yatima anayehangaikia pesa na afya ya shangazi yake.

Nasi tunaye wetu. Ifuate barabara hii ya Namanga mpaka Nairobi, utafika alikozaliwa Boyie wa katuni za Shujaaz, zilizoanza mwaka 2010 na baadaye zikavuka mpaka kuingia Tanzania. Boyie hapai angani. Amemaliza shule, kazi hana. Chumbani mwake ameunda redio ya kificho, na humo anayasema yanayowasibu wenzake na namna ya kujikwamua.

Anayemsoma Boyie hapati kazi siku hiyo. Anachopata ni kujua kwamba kukosa kazi si aibu yake peke yake. Tena, kwa kuwa anayesemwa ni Boyie, hata kijiweni shida hiyo inazungumzika bila haya.

Hekima hii ya kuisema shida tunayo tangu zamani. Fumo Liyongo, jitu la pwani katika hadithi za kale, alipofungwa hakutoka gerezani kwa mabavu tu. Alimpelekea mama yake ujumbe. Mama akaficha tupa ndani ya mkate, na kijakazi Saada akaufikisha. Mwenye nguvu kuliko wote aliomba msaada, na hakuna aliyemwona dhaifu.

Basi wazazi, msimnyang'anye mtoto katuni. Ketini naye, mmuulize shujaa wake anasumbuliwa na nini. Wachoraji wa Arusha, tuchoreeni mpagazi anayepandisha mizigo ya wageni Mlima Meru huku akiwaza ada ya mdogo wake. Nawe kijana, ukimaliza kusoma, mtafute unayemwamini umweleze yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.