Jasho Si Mfereji wa Sumu

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa takamwili hutoka kwa njia zipi, hujibu bila kusita: mafigo, mapafu, ngozi, ini. Orodha hiyo si ya uongo, lakini huvipa viungo vyote uzito sawa, na hapo ndipo upotofu unapoanza. Wilayani Sikonge, ambako tumbaku ni zao kubwa la biashara, upotofu huo waweza kumdhuru mtu.

Mapafu hayana mshindani: kila pumzi hutoa kabonidayoksaidi. Ngozi ni habari nyingine. Jasho ni maji na chumvi, pamoja na yurea kidogo, na kazi yake hasa ni kuupoza mwili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu begani alitiririkwa na jasho mchana kutwa, wala damu yake haikutakasika kuliko ya mwenzake aliyeketi kivulini. Alichopoteza ni maji na chumvi, vitu alivyovihitaji.

Imani kwamba kutoka jasho ni kutoa sumu ina hatari ya pekee shambani. Achumaye majani mabichi ya tumbaku yaliyolowa umande au mvua huingiwa na nikotini kupitia ngozi, na jasho lenyewe huiyeyusha nikotini hiyo na kuisaidia kupenya. Hufuata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, hata kwa mtu asiyepata kuvuta sigara. Mlango udhaniwao kuwa wa kutokea ndio wa kuingilia.

Atendaye kazi hapo ni ini. Hubadili kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya nikotini kuwa kotinini, ambayo hubadilishwa zaidi na kutoka na mkojo. Ini ndilo pia ligeuzalo amonia kuwa yurea, kazi ambayo sifa yake aghalabu hupewa figo. Na ndilo litoalo mabaki ya chembe nyekundu zilizochakaa kwa njia ya nyongo, hata choo kikapata rangi yake.

Mwalimu wa Sikonge, basi, hana haja ya kuagiza mfano kutoka mbali. Somo hili lifundishwe kabla ya mavuno, ili ijulikane kwa nini majani hayafai kuchumwa yangali na umande, kwa nini shati la mikono mirefu na glavu vina faida, na kwa nini nguo iliyolowa hubadilishwa papo hapo na ngozi kuoshwa kwa sabuni. Mtoto ndiye wa kuondolewa kwanza katika kazi hiyo, maana kiasi kilekile cha nikotini huuelemea zaidi mwili mdogo.