Si kila jiwe la figo limeletwa na maji ya chumvi

Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri lumasiran, sindano ya ugonjwa wa kurithi unaoleta mawe ya figo, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2020, lakini huku kwetu tatizo linaanza kabla ya dawa: ugonjwa wenyewe haugunduliki. Mpwa wangu wa Handeni alianza kukojoa damu akiwa na miaka 6. Tukaambiwa ni kichocho, baadaye tukaambiwa ni maji ya chumvi ya kisima. Mawe yaliporudi mara ya tatu, daktari mmoja Korogwe akauliza kama kuna ndugu mwingine mwenye mawe. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Na wewe msomaji mwenzangu uliyeandika kwamba Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, kwa hiyo apandikizwe yaishe, elewa kuwa kosa liko kwenye ini, ndilo linalotengeneza kupita kiasi oksaleti inayojenga mawe haya. Likiachwa hivyo, figo mpya nayo itaharibika. Sindano hiyo ya lumasiran inalipunguzia ini kasi ya kuitengeneza oksaleti, ila bei yake haigusiki. Vitamini B6 ni nafuu na huwasaidia baadhi ya wagonjwa, pamoja na kunywa maji mengi mchana na usiku. Wazazi wenzangu, mtoto mwenye mawe asirudishwe nyumbani na dawa ya maumivu pekee. Ombeni jiwe lipimwe.