Nyumba ya Kupangisha ni Amana

Katika miaka ya karibuni wananchi wengi, wakiwamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wamenunua nyumba kuukuu katika vitongoji vya Dar es Salaam ili wazitengeneze na kuzipangisha. Bunju, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ni mojawapo ya mahali hapo. Nyumba pacha, yaani mbili zenye ukuta mmoja kati yake, humvutia mnunuzi kwa kuwa aweza kukaa upande mmoja na kupangisha wa pili.

Jambo hili lina historia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000. Visiwani nako majumba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Februari 1991 Chama, kilipokutana Zanzibar, kililegeza masharti hayo. Hatuandiki leo ili mwiko ule urudi. Lakini swali lililouzaa lingali hai: je, mwenye nyumba ataishi kwa jasho lake, au kwa shida ya mwenziwe asiye na pa kulala?

Kwanza tuwaase wanunuzi. Ardhi si jambo la Muungano. Anayenunua Bunju hafuati sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992, bali Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999, ambayo kwayo ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na jengo lililo juu yake. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri wa majirani, lakini hauchukui nafasi ya daftari la Msajili wa Hati. Basi mnunuzi na apekue huko kabla ya kutoa fedha, na ahakikishe kwamba mke au mume wa muuzaji ameridhia. Akinunua upande mmoja tu wa nyumba pacha, aulize kama upande huo una hati yake. Sheria ya mwaka 2008 imeruhusu sehemu za jengo kumilikiwa mbalimbali, lakini kuruhusiwa si kutimizwa.

Aidha, ukarabati si kupaka chokaa. Hewa ya chumvi ya pwani hula nondo ndani ya zege, na rangi mpya huficha tu maradhi hayo. Fundi na atazame msingi, paa, shimo la maji machafu na mkondo wa maji ya mvua. Tusisahau kwamba Mabwepande, jirani ya Bunju, ilipokea wananchi waliohamishwa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa nyumba pacha ukianguka, huwaangukia wawili.

Lakini mwenye kubeba mzigo wa mwisho ni mpangaji. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo imekuwa desturi kumdai mpangaji kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu, muuguzi au karani hulipwa mshahara kila mwezi. Atatoa wapi malipo ya mwaka kwa siku moja? Hukopa, na riba humtafuna kabla hajatandika kitanda. Wenye nyumba hujibu kwamba nao wamekopa kununua saruji na mabati. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimhalalishii mtu kumtwisha deni lake aliye dhaifu zaidi.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wafanye mambo mawili. Iwekwe sheria yenye kikomo cha kodi inayodaiwa mbele, na pawepo baraza jepesi la kusuluhisha mwenye nyumba na mpangaji wake. Naye mwenye nyumba aandike mkataba, atoe stakabadhi, na alipe Serikali haki yake kutokana na kodi anayopokea.

Nyumba ni mali, na mali si dhambi. Lakini mtu aliyelala chini ya paa lako ni amana mikononi mwako. Tuilinde.