Magomeni isiwe ya wenye fedha peke yao

Anayepanga chumba Magomeni, Dar es Salaam, hulipia vitu viwili kwa mkupuo: pa kulala na ukaribu wa soko la Kariakoo. Kutoka Magomeni Mapipa hadi sokoni ni mwendo mfupi. Mabasi ya mwendokasi yakijaa, kuna bajaji. Nauli ikikosekana, mtu huvuka bonde la Jangwani kwa miguu na bado akawahi kazini.

Ukaribu huo umewafikia watu wa kipato kidogo kwa sababu ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bomba na choo cha wote. Mwenye nyumba hukaa na wanawe vyumba viwili, vilivyobaki hupangisha kwa fundi cherehani, mama ntilie au kijana wa dukani. Ugomvi haukosi. Umeme wa LUKU wa kuchangiana peke yake unatosha kununisha nyumba nzima.

Wala Magomeni si peponi. Masika yakikaza, Mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mjini kunageuka mbali ghafla.

Hata hivyo, bei za viwanja hazishuki. Mzee akifariki, warithi huuza nyumba wagawane, na mnunuzi husimamisha ghorofa. Ni haki yao. Lakini wapangaji wa vyumba vile hawarudi kwenye ghorofa hilo. Wanaishia Chanika au Mbagala ya ndani, na sehemu ya kipato chao inahamia kwenye nauli.

Kwamba inawezekana kujenga juu bila kufukuza watu, Magomeni Kota ni ushahidi. Wapangaji wa nyumba za zamani za manispaa waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita, nyumba zikavunjwa, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza eneo lijengwe upya kwa ajili yao, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa. Walengwa walikuwa kaya 644 zilezile zilizoondolewa. Orodha ya majina yao ndiyo iliyowarudisha. Bila hiyo, maghorofa yangepata wakazi wengine siku hiyohiyo.

Kasoro kubwa ya Kota ni muda. Takriban miaka 10 ya kuhangaika kwa kodi za kwingine ni mingi mno kwa familia iliyoahidiwa kurudi.

Serikali haiwezi kumzuia mrithi kuuza nyumba ya baba yake, ila ardhi ya umma iko mikononi mwake. Kila mradi mpya kwenye ardhi hiyo, Magomeni, Ilala au Temeke, uanze na orodha ya wapangaji waliopo, tarehe ya kuwarudisha iandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi, na sehemu ya jengo iwe vyumba vidogo vya kupanga. Madiwani waanze kuyadai hayo kwenye vikao vya bajeti, kabla tingatinga halijafika.